Cheo cha Kupanda, Kiti cha Kupigiwa Kura: Uongozi katika Ofisi ya Sherifu

Sherifu wa kaunti nchini Marekani hupataje cheo chake? Swali hili huulizwa sana na watu waliozoea nchi ambamo mkuu wa polisi huteuliwa na rais, na kila aliye chini hupandishwa na aliye juu yake. Jibu ni kwamba sherifu hapandishwi cheo na mtu yeyote. Karibu kila mahali hupigiwa kura na wananchi, sawa na mbunge. Lakini wote walio chini yake, kuanzia askari mpya hadi makamu wake, hupanda kwa mitihani, miaka ya kazi na uteuzi. Ofisi ni moja, njia za kupanda ni mbili, na pale zinapokutana ndipo panapoamuliwa kama ofisi itaongozwa vizuri au vibaya.

Mfano wa zamani unaonyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 1870 wapiga kura wa Kaunti ya Erie, jimbo la New York, walimchagua mwanasheria aliyeitwa Grover Cleveland kuwa sherifu wao. Hakuwa amewahi kuvaa sare. Alishika ofisi hiyo kuanzia 1871 hadi 1873, na katika muda huo watu wawili waliohukumiwa kifo alisimamia kunyongwa kwao yeye mwenyewe, ingawa angeweza kumwachia msaidizi kazi hiyo. Baadaye akawa meya wa Buffalo, gavana wa New York, na mwaka 1885 rais wa Marekani.

Kaunti ni nini, na sherifu ni wa nani

Karibu majimbo yote ya Marekani yamegawanywa katika kaunti, ambazo kwa jumla zinazidi 3,000. Msomaji wa Kenya atafikiria mara moja kaunti 47 za katiba ya 2010, na kwa mipaka na serikali ya mtaa hajakosea sana. Kwa upande wa ulinzi tofauti ni kubwa. Kaunti ya Kenya ina askari wa kanjo wa kusimamia sheria ndogo ndogo, lakini polisi wote wa nchi wako chini ya Inspekta Jenerali mmoja. Marekani haina mkuu mmoja wa namna hiyo. Mji una polisi wake, jimbo lina polisi wake, na kaunti ina sherifu.

Mkuu wa polisi wa mji huajiriwa na meya au baraza la mji, na hao hao wanaweza kumwondoa. Sherifu hana mwajiri wa aina hiyo. Katika majimbo 46 kati ya 50, karibu masherifu wote huchaguliwa kwa kura. Alaska haina kaunti na haina masherifu. Connecticut ilifuta kiti hicho kwa kura ya wananchi mwaka 2000. Hawaii na Rhode Island zina masherifu wa kuteuliwa, walio chini ya serikali ya jimbo.

Muhula wa kawaida ni miaka minne. New Hampshire humpa sherifu miaka miwili, New Jersey mitatu, Massachusetts sita. Louisiana, ambako kaunti huitwa parokia, humtwika sherifu kazi moja zaidi: kukusanya kodi ya majengo na ardhi.

Kazi za ofisi

Filamu zimemzoesha mtazamaji sherifu mwenye kofia pana na farasi. Ofisi ya leo kwa kawaida ina kazi kubwa tatu, na askari anayetaka kuongoza mara nyingi hupitia angalau mbili kati ya hizo:

- Doria na upelelezi, hasa katika maeneo ambayo hayamo ndani ya mji wenye polisi wake.
- Jela ya kaunti, inayoshikilia mahabusu wanaosubiri kesi na wafungwa wa vifungo vifupi, kwa kawaida visivyozidi mwaka mmoja. Wenye vifungo virefu hupelekwa magereza ya jimbo.
- Mahakama: kulinda majaji na vyumba vya kesi, kupeleka hati za wito, na kutekeleza amri za kuwatoa watu kwenye nyumba walizoshindwa kulipia kodi.

Uzito wa kila kazi hutegemea mahali. Katika kaunti ndogo ya mashambani askari yule yule hushika doria asubuhi na kumpeleka mshtakiwa mahakamani mchana. Katika Kaunti ya Los Angeles, yenye ofisi ya sherifu kubwa kuliko zote nchini, kila kazi ni idara kamili yenye wakuu wake. Sura hii inarudi Los Angeles mara kwa mara, kwa sababu huko kila ngazi ya uongozi ina mtu na kila kosa la uongozi limeandikwa.

Mlango wa kuingilia

Askari wa kawaida wa ofisi hii kisheria ni naibu wa sherifu, yaani hufanya kila kitu kwa niaba yake. Anapomkamata mtu, ni kama sherifu mwenyewe amemkamata. Ndiyo maana masherifu huwa wakali katika kuajiri, na ndiyo maana mashtaka ya fidia kwa kosa la askari wa usiku mara nyingi hutaja jina la sherifu aliyekuwa amelala nyumbani.

California inadai mwombaji awe na umri wa miaka 21, sharti lililoanza 2022. Hufuata mtihani wa kuandika, mazoezi ya mwili, usaili, uchunguzi wa afya ya mwili na ya akili, na upekuzi wa maisha yake: madeni, kazi alizoacha, majirani, makosa ya barabarani. Kazi nyingi za polisi Marekani zinadai uraia. California iliondoa sharti hilo kuanzia 2023, na sasa mhamiaji mwenye haki kamili ya kufanya kazi nchini anaweza kuomba. Kwa vijana wa Afrika Mashariki waliohamia huko jambo hili si dogo, kwa kuwa kusubiri uraia huchukua miaka.

Anayepita huingia chuo cha mafunzo. Kiwango cha chini kilichowekwa na jimbo la California ni saa 664 za masomo: sheria, silaha, huduma ya kwanza, uendeshaji gari, kuandika ripoti, kushughulika na mtu mwenye ugonjwa wa akili. Ofisi nyingi huongeza saa juu ya hizo. Baada ya kiapo huja kipindi cha majaribio, ambapo askari anaweza kuachishwa kazi bila mlolongo mrefu wa rufaa.

Jela, shule ya kwanza ya uongozi

Kijana aliyejiandikisha akiwa na ndoto ya gari la doria hushangaa anapokabidhiwa funguo za jela. Katika kaunti nyingi kubwa, Los Angeles ikiwemo, hapo ndipo askari mpya huanzia, na anaweza kukaa miaka kabla ya kupata nafasi mtaani. Wengi huiona kama adhabu ya kusubiri. Hilo ni kosa, na ofisi zinazoliacha lienee hulipia baadaye.

Mfano mzuri ni ukaguzi wa usalama. Kanuni za California zinataka kila aliyefungiwa aangaliwe kwa macho angalau mara moja kila saa. Askari hutembea mbele ya vyumba, mmoja baada ya mwingine, na mwisho wa korido hugusisha kifaa kwenye alama iliyobandikwa ukutani ili muda uandikwe. Kazi yenyewe inaonekana ya kuchosha tu. Lakini aliyelala akigeukia ukuta, je, kifua kinapanda na kushuka? Yule aliyekuwa akipiga kelele tangu asubuhi, mbona kanyamaza? Askari anayetembea haraka agusishe kifaa na kurudi kwenye kiti atakuwa na rekodi safi hata siku ambayo mtu amejinyonga katika chumba cha tano. Msimamizi mwema huinuka, akafuata nyuma, akatazama anachotazama askari wake.

Jela hufundisha pia kusema. Kwenye bweni lenye watu wengi, askari mmoja au wawili hawawezi kutawala kwa nguvu. Hutawala kwa neno lililotimizwa. Akiahidi kumuulizia mtu tarehe yake ya mahakamani, aulizie na arudi na jibu. Asiporudi, kesho yake agizo dogo la kurudi vitandani litageuka ugomvi. Askari aliyejifunza hivyo kwa miaka miwili huingia mtaani akiwa na kitu ambacho chuo hakikumpa, na akipewa cheo huwa tayari anajua kwamba watu humsikiliza yule anayerudi.

Shule hii hii inaweza kufundisha mabaya. Los Angeles inashikilia zaidi ya watu 12,000 kwa siku katika jela zake. Askari mpya akikuta wakubwa wanampiga mahabusu na ripoti zinaandikwa kuficha, hujifunza hilo pia, naye hulibeba mtaani na kwenye kila cheo anachopanda.

*Kwa ufupi:* askari huingia kwa upekuzi mkali, hufunzwa kwa miezi kadhaa, kisha mara nyingi huanzia jela. Tabia anayoipata hapo ndiyo atakayopanda nayo.

Ngazi za vyeo

Majina ya vyeo hutofautiana kati ya kaunti na kaunti. Los Angeles hufuata mpangilio huu, kutoka chini:

1. Askari, yaani naibu wa sherifu
2. Sajini
3. Luteni
4. Kapteni
5. Kamanda
6. Mkuu wa divisheni
7. Sherifu msaidizi
8. Makamu wa sherifu
9. Sherifu

Hatua ngumu kuliko zote ni ya pili. Askari anayetaka usajini hufanya mtihani, husailiwa, na rekodi yake hupimwa. Ugumu huanza baada ya kufaulu. Jana alikuwa mwenzao, wakila pamoja na kulalamikia wakubwa pamoja. Leo ndiye anayesoma ripoti zao na kuamua kama nguvu waliyotumia ilikuwa halali. Sajini ndiye mkubwa pekee anayefika eneo la tukio damu ikiwa bado mbichi. Akikubali ripoti ambayo maneno yake hayalingani na majeraha, luteni na kapteni watasaini karatasi iliyokwisha kuharibika. Ofisi inayotumia fedha nyingi kufunza makapteni na kidogo kufunza masajini imepindua mpangilio wa mambo.

Luteni husimamia zamu nzima au kikosi cha wapelelezi. Wengine hubadilisha tawi kwa makusudi kila wanapopanda, wakijua kwamba bodi ya usaili itataka mtu aliyeona jela, doria na mahakama.

Kapteni ni mkuu wa kituo au jela, na ndiye wa kwanza kukutana na siasa ana kwa ana. Sababu yake ni ya kihistoria. Mwaka 1954 mji mpya wa Lakewood, katika Kaunti ya Los Angeles, uliamua kutounda polisi wake, ukamlipa sherifu aulinde kwa mkataba. Miji mingine ikafuata, na leo zaidi ya miji 40 ya kaunti hiyo inalindwa hivyo. Kapteni wa kituo cha aina hiyo ana wakubwa katika makao makuu, na pia ana baraza la mji linalolipa bili na kuuliza kwa nini magari mawili yalikuwa nje ya mji Jumamosi usiku. Lazima ajue bajeti, ajue kusimama mbele ya wakazi wenye hasira, na ajue kusema hapana bila kuvunja mkataba.

Wanaolengwa kwa uongozi wa juu hupelekwa masomoni. Chuo cha Kitaifa cha FBI kilichoko Quantico, Virginia, kilichoanza 1935, hupokea maofisa wa polisi na wa masherifu kwa kozi ya wiki 10. Chama cha Kitaifa cha Masherifu, kilichoundwa 1940, nacho huendesha mafunzo, yakiwemo ya masherifu waliochaguliwa karibuni. Wa mwisho hao wanayahitaji kuliko mtu mwingine yeyote.

Kuna pia wasiovaa sare: wapokeaji wa simu za dharura za 911, wauguzi wa jela, wataalamu wa maabara, wahasibu, wanasheria. Hawa hupanda katika ngazi zao wenyewe, na katika ofisi kubwa baadhi yao huongoza idara zenye maofisa wenye sare chini yao.

Pale cheo kinapokutana na kura

Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo anavyomkaribia aliyechaguliwa, na ndivyo usalama wa kazi yake unavyopungua. Vyeo vya chini kwa kawaida hulindwa na sheria za utumishi wa umma na vyama vya wafanyakazi. Vyeo vya juu kabisa sherifu hujaza kwa hiari yake, na sherifu mpya akiingia, waliokuwa hapo huweza kutoka siku hiyo hiyo.

Mpaka kati ya makundi hayo mawili umechorwa na mahakama. Mwaka 1970 Richard Elrod, wa chama cha Democratic, alishika usherifu wa Kaunti ya Cook, yenye jiji la Chicago, akichukua nafasi ya mtu wa Republican. Wafanyakazi wa chama kilichotoka wakafukuzwa au kutishiwa kufukuzwa. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mfanyakazi asiyeamua sera hawezi kuondolewa kwa sababu ya chama chake tu.

Kesi ya karibuni zaidi ilitoka Hampton, Virginia. Sherifu wa huko, B. J. Roberts, aligombea tena mwaka 2009. Baada ya kushinda hakuwarudisha kazini baadhi ya wafanyakazi, na sita kati yao wakadai wameadhibiwa kwa kumuunga mkono mpinzani wake. Mmoja wao, askari wa jela, alikuwa amebofya alama ya kupenda kwenye ukurasa wa Facebook wa mpinzani huyo. Jaji wa kwanza alisema kubofya huko si kauli inayolindwa na katiba. Mahakama ya rufaa mwaka 2013 ikasema ni kauli, sawa na bango la mgombea mbele ya nyumba, na kwamba askari wa jela si mtunga sera wa sherifu.

Hata hivyo katika majimbo kadhaa ulinzi bado ni mwembamba, na askari mwenye busara huchunga mdomo wake mwaka wa uchaguzi. Hali hiyo inaumiza uongozi. Kapteni anayeogopa kumpoteza bosi hatamwambia kwamba mpango wake utashindwa.

*Kwa ufupi:* kuanzia chini hadi kati, cheo hulindwa. Karibu na kilele, cheo ni cha kuaminiwa na mtu mmoja, na mtu huyo hutegemea kura.

Kiti chenyewe

Sifa za mgombea huwekwa na kila jimbo. California tangu 1989 inamtaka awe na vyeti au uzoefu wa kazi ya polisi, hivyo mtu kama Cleveland asingeweza kugombea huko leo. Majimbo mengine hudai umri na ukazi tu.

Hata palipo na masharti, kura inaweza kuruka ngazi nzima. Jim McDonnell alichaguliwa sherifu wa Los Angeles mwaka 2014 akitoka nje ya ofisi. Alikuwa mkuu wa polisi wa Long Beach. Mwaka 2018 alishindwa na Alex Villanueva, luteni mstaafu wa ofisi hiyo hiyo. Haikuwa imetokea kwa zaidi ya miaka 100 kwamba sherifu wa kaunti hiyo aangushwe akiwa madarakani. Luteni alipita juu ya makapteni, makamanda na wakuu wa divisheni, na wengi wa waliokuwa juu wakaondolewa. Mwaka 2022 yeye naye alishindwa na Robert Luna, mkuu mwingine wa polisi kutoka Long Beach.

Mamlaka ya sherifu ina ukuta mmoja mkubwa, nao ni fedha. Bajeti hupitishwa na bodi ya kaunti, ambayo nayo imechaguliwa. Bodi haiwezi kumwamuru jinsi ya kupanga doria, naye hawezi kuajiri askari 100 bila bodi kutoa pesa. Sherifu asiyejua kuzungumza na bodi hutumia muhula wake katika malumbano, na askari hubaki na magari mabovu.

Kiongozi anapokosea

Kwa kuwa sherifu hafukuzwi kirahisi, kosa lake huchukua muda kufikia mkono wa sheria. Mwaka 2011 wapelelezi wa FBI waliochunguza vipigo katika jela za Los Angeles walikuwa na mtoa habari ndani, mfungwa aliyeingiziwa simu kwa siri. Simu ilipogunduliwa, maofisa walimficha mfungwa huyo kwa kumhamisha na kubadilisha jina lake kwenye kumbukumbu, FBI wasimpate. Sherifu Lee Baca, aliyeongoza tangu 1998, alijiuzulu Januari 2014. Mwaka 2017 alihukumiwa miaka mitatu jela kwa kuzuia uchunguzi na kusema uongo kwa wapelelezi. Makamu wake wa zamani, Paul Tanaka, alihukumiwa miaka mitano mwaka 2016. Askari na masajini waliotekeleza maagizo nao walifungwa, na hilo ndilo linalouma zaidi, maana walikuwa wakitii.

Njia za kumwondoa sherifu kabla ya uchaguzi hutofautiana. Florida humpa gavana uwezo wa kumsimamisha: Januari 2019 gavana Ron DeSantis alimsimamisha Scott Israel, sherifu wa Kaunti ya Broward, kwa jinsi ofisi yake ilivyoshughulikia mauaji ya shule ya Parkland ya Februari 2018, na Seneti ya jimbo ikathibitisha. Wapiga kura wa Los Angeles, Novemba 2022, waliipa bodi ya kaunti uwezo wa kumwondoa sherifu kwa sababu maalumu, ikiwa wajumbe wanne kati ya watano watakubali.

Waliofungiwa mlango, na mlango unaobadilika

Kwa vizazi vingi, kusini mwa Marekani, sherifu alikuwa mkono wa ubaguzi, na kura iliyomweka madarakani walinyimwa watu weusi. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ilipopitishwa mwaka 1965, matokeo yalionekana haraka. Mwaka 1966 Kaunti ya Macon, Alabama, ilimchagua Lucius Amerson, na Januari 1967 akaapishwa kuwa sherifu wa kwanza mweusi wa kusini tangu miaka iliyofuata kukomeshwa kwa utumwa. Mwaka 2018 kaunti saba kubwa kuliko zote za North Carolina zote zilichagua masherifu weusi. Wanawake bado ni wachache sana katika kiti hiki.

Namna ya kumpata sherifu nayo inaendelea kubishaniwa. Kaunti ya King, yenye jiji la Seattle, ilipiga kura mwaka 2020 kuacha kumchagua sherifu na kumfanya wa kuteuliwa. Patti Cole-Tindall akapewa nafasi hiyo mwaka 2022. Miami-Dade ilikwenda upande wa pili. Kaunti hiyo ilifuta kiti cha kuchaguliwa mwaka 1966 baada ya kashfa za rushwa. Mwaka 2018 wapiga kura wa Florida walibadilisha katiba ya jimbo ili kila kaunti iwe na sherifu wa kuchaguliwa. Novemba 2024 Miami-Dade ilimchagua Rosie Cordero-Stutz, ofisa aliyepanda vyeo ndani ya polisi wa kaunti hiyo, naye akaanza kazi Januari 2025 akiwa mwanamke wa kwanza kuwa sherifu huko.